Mtumbwi Tulioushona

Alhamisi, tarehe ishirini na tatu mwezi wa kumi, nilimpoteza mume wangu kwenye Ziwa Kivu. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mtumbwi ulirudi, kasia lilirudi, na bata wawili aliokuwa amewafunga miguu walirudi pia, wamekufa. Ninaandika haya kwa sababu mwezi wa nane nilimwambia neno moja ambalo halikuwa kweli. Shule niliishia mwaka wa tano wa msingi, na kazi yangu ni kushona nguo, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyoweza.

Mume wangu alizaliwa Masisi, juu kabisa, karibu na viziwa vidogo vilivyojaa mafunjo. Baba yake alikuwa mwindaji wa bata. Hakuwa na bunduki. Alikuwa anatega vitanzi vya uzi mwembamba kwenye mafunjo yaliyolala majini, kisha alfajiri anapita kuwaokota walionaswa. Mtumbwi wake haukuwa gogo lililochongwa. Ulikuwa mifupa ya mianzi iliyovalishwa ngozi mbili za ng'ombe na kupakwa mafuta. Ulikuwa mwepesi, mzee aliubeba kichwani kutoka ziwa moja mpaka lingine. Mume wangu alisema gogo likigonga maji bata wote wanaruka, lakini ule wa ngozi ulipita katikati yao kama bata mwenzao.

Vita ilipotushusha, tulikaa Munigi, kambini, chini ya turubai, ile ambayo sisi tunaiita bâche. Familia yetu ilipata moja, kubwa, nyeupe. Lakini mama mkwe alikuwa pamoja nasi, na kwetu mama halali chumba kimoja na mwanawe aliyeoa, hata kama ni vita, hata kama mvua inanyesha. Mume wangu akaikata katikati kwa wembe. Nusu ikawa nyumba ya mama yake, nusu ikawa yetu na watoto. Kambi zilipobomolewa tukapanga nyumba ya mbao hapa Katoyi, mtaa wa Goma, na zile nusu mbili tukazikunja tukaziweka chini ya kitanda.

Kazi haikuwapo. Asubuhi alikuwa anashuka Kituku kupakua mizigo kwenye maboti, siku nyingine anapata, siku nyingine anarudi mikono mitupu. Siku moja alirudi hana kitu lakini uso wake ulikuwa umebadilika.

"Niliona bata," akasema. "Wengi, mama. Kule kwenye matete, njia ya Sake. Wale wa mudomo ya manjano."

"Kuona ni kula?" nikamuuliza. "Utawafikia na nini?"

"Na nyumba yetu ya Munigi," akasema, akainama chini ya kitanda.

Alijenga ule mtumbwi kwa wiki tatu, kwenye kile kipande cha uwanja kati ya mlango wetu na choo. Mianzi aliipasua vipande vyembamba, akaviloweka kwenye pipa, kisha akawa anavikunja kimoja kimoja juu ya mbabula yangu, jiko la kupikia, makaa yakiwa mekundu, polepole, mpaka vinakubali. Alipoharakisha vilivunjika. Mbavu zilikuwa kumi na moja. Chini alipitisha fito tatu za mkalitusi. Msumari hata mmoja hakutumia. Alifunga kila kiungo kwa mipira ya ndani ya tairi, aliyoikata kama utepe, kwa sababu mtumbwi wa namna ile, alisema, lazima ucheze kidogo kama kiuno cha mtu. Ukiukaza kwa misumari utapasuka.

Mama mkwe alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akichambua maharage, akisimamia.

"Tumbo iko mwembamba," anasema.

"Iko vile ya papa," anajibu mume wangu. Papa kwetu ni baba.

"Ya babako ilikuwa pana. Ile yako ni ya kubeba paka."

Majirani nao hawakunyamaza. Mmoja alikuwa anapita kila jioni na kuuliza, "Papa, leo iko nguo ama iko mutumbwi?" Mume wangu anajibu, "Ngoja fundi wa nguo aishone kwanza." Fundi wa nguo ni mimi.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Nusu moja ya turubai haikutosha kufunika mifupa ile, ilibidi kuziunga zote mbili, yetu na ya mama. Mshono ungepita ubavuni, kwa urefu, chini ya maji. Cherehani haifai, inatoboa matundu karibu karibu na turubai inachanika kama karatasi ya daftari. Nilishona kwa mkono, kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni wa wavuvi. Ukingo nilikuwa naukunja mara mbili, nauma kwa meno, napitisha sindano, navuta mpaka kidole kinakatika. Mume wangu alikuwa anakuja nyuma yangu na kipande cha sufuria chenye lami iliyoyeyushwa, ile ya barabara, anapaka juu ya mshono kwa manyoya ya kuku.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa nane. Watu wote walitaka sare za shule kwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa, na mezani nilikuwa na mashati meupe ambayo hayajawekwa vifungo. Jumamosi ile alasiri nilikuwa nimekaa chini tangu asubuhi na mgongo haukuwa wangu tena. Ilibaki sehemu ya urefu wa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, na nailoni ikaisha.

Mume wangu alikuwa ameenda kutafuta makaa. Nilitazama ukutani. Kwenye msumari, hatua mbili kutoka nilipokaa, kulikuwa na vitanzi vyake vya bata, shada zima, nailoni ileile. Kuvifungua vitatu tu kungetosha. Lakini alikuwa amevifunga kwa siku nyingi, na kuvifungua kungemaanisha kumngoja, kumweleza, na yeye kukaa tena kufunga vingine. Nilikuwa nimechoka. Sina sababu nyingine ya kutoa. Nikachukua uzi wa pamba, ule mnene wa kushonea vifungo, nikaupitisha mara mbili, nikamaliza, nikapiga kifundo pale nyuzi mbili zilipokutana. Lami nikaipaka mwenyewe.

Aliporudi aliupitisha mkono juu ya mshono, lami ikiwa bado moto.

"Uzi ulitosha?"

"Ulitosha," nikasema.

Neno ndilo hilo. Najua pamba inavyofanya majini, mimi ni fundi, nimeona mashati yaliyosahauliwa kwenye beseni. Nilijiambia kwamba lami itaulinda, na kwamba sare zikiisha nitamwambia, tutashona upya. Sare ziliisha. Kisha yakaja mapazia ya mtu, kisha watoto wakaugua malaria wote wawili. Kila Jumapili nilisema wiki hii nitamwambia. Siwezi kusema nilisahau.

Mtumbwi ulipokuwa tayari aliusiliba kwa matope na masizi ili ufanane na matete yaliyokauka, akaubeba kichwani peke yake, kutoka Katoyi mpaka Kituku. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa, wenye maboti yao makubwa ya mbao, walicheka mpaka wakaacha kuvuta nyavu.

"Muzee, leo unaleta mwavuli!"

"Mvua ikinyesha utaupindua juu, ee?"

Hakukasirika. Wao maboti yao yalilala ufukweni, na kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kuwadai kitu. Wake ulirudi naye, ukalala nyumbani, umeegemea ukuta karibu na kichwa chetu, unanuka lami na samaki. Mara tatu kwa wiki aliondoka alfajiri na vitanzi vyake, akarudi na bata wanne, watano, siku moja tisa. Mwanamke mmoja sokoni alikuwa anawachukua wote. Mwezi wa tisa watoto walikula nyama, nasema kweli, zaidi ya mwaka mzima wa Munigi.

Kitu kimoja tu hakukizoea, na ni ufukwe. Kwao, mtumbwi ukirudi unaupiga kasia kwa nguvu, mbio, pua inapanda juu ya mafunjo, mafunjo yanaukamata, unashuka miguu mikavu. Alifanya hivyo tangu akiwa na miaka saba. Hapa Goma pwani ni makoro, mawe meusi ya volkano, yenye makali kama chupa iliyovunjika. Mvuvi mmoja, mtu mzima aliyempenda, alimwambia siku ya kwanza, "Papa, hapa hakuna majani ya kukupokea. Simama mbali, shuka ndani ya maji, beba kitu yako." Akakubali. Akawa anashuka maji yakiwa kifuani, anaubeba. Lakini mikono yake haikukubali. Akichoka au akifurahi, mikono ilipiga kasia mbio yenyewe. Mara mbili alirudi na mkwaruzo tumboni mwa mtumbwi, tukapaka lami.

Jumatano, tarehe ishirini na mbili, alirudi mapema, bata saba, anacheka peke yake.

"Leo niliutupa pwani kama kwetu," akasema. "Nikasahau kabisa. Nikaona mawe, nikaona mafunjo."

Tuliupindua. Karibu na pua turubai ilikuwa na mchano wa urefu wa kiganja. Haukupita mpaka ndani, au tuliona kwamba haukupita. Akakata kiraka cha mpira, akakibandika kwa lami. Nilimwambia angoje siku mbili lami ikauke vizuri. Akasema bata hawangoji, mvua kubwa zikianza wataondoka.

Nilikuwa nimeshika taa ya simu ili aone. Ubavu wenye pamba ulikuwa juu, mbele ya macho yangu. Nilisema kuhusu kiraka. Kuhusu uzi sikusema.

Alhamisi saa tatu ya asubuhi mvuvi yule mtu mzima alisimama mlangoni, suruali imelowa, hakuvua kofia. Nilikuwa natia uzi kwenye cherehani. Akasema, "Mama, simama kidogo." Sikuhitaji zaidi. Walikuwa wameuona mtumbwi kutoka mbali umejaa maji, ukingo tu unaonekana, na hakuna mtu. Mume wangu alikuwa hajui kuogelea. Kwenye viziwa vya kwao mtu hajifunzi kuogelea, mafunjo yako karibu kila upande. Alikuwa amevaa koti zito kwa ajili ya baridi. Walimpata saa sita.

Shemeji, kaka yake mkubwa, ndiye aliyeshughulikia yote. Jioni aliuleta mtumbwi nyumbani, yeye na wavuvi wawili, wakauweka nyuma ya choo. Nilitaka kwenda kuuangalia. Wanawake walinishika, wakasema mjane haendi huku na huku, kaa kwenye mkeka. Nikakaa. Kichwani mwangu kulikuwa na swali moja tu, na sikuweza kumuuliza mtu: ni kiraka chake, au ni mshono wangu?

Ijumaa walinipeleka kumvalisha. Niliporudi, mtumbwi ulikuwa mifupa mitupu. Shemeji alikuwa ameivua turubai. Watu wa kilio walikuwa wanazidi, jua lilikuwa kali na mawingu yalikuwa yanapanda, na turubai nyingine hatukuwa nayo. Alikuwa ameikata kwenye mbavu, ameifunga kwenye miti minne, na chini yake mama mkwe na wanawake wa ukoo walikuwa wamekaa wanaimba.

Jumamosi tulizika. Kuchimba kaburi hapa ni kuvunja mawe, vijana walianza Ijumaa na nyundo na hawakumaliza mpaka Jumamosi mchana. Sitasema mengi kuhusu siku hiyo.

Jumapili ilikuwa siku ya kuondoa kilio. Kwetu siku hiyo mtu wa familia anasimama na kueleza kifo. Anasema marehemu alianza kuumwa lini, alisema nini, alikufa vipi, ili kila mtu aliyekuja aondoke na neno lilelile, na baadaye asiwepo wa kunong'ona. Likishasemwa, limefungwa. Aliyetakiwa kueleza alikuwa shemeji.

Kabla hajasimama, mvua ikaanza.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mama mkwe, na maji yakaanza kudondoka mbele ya magoti yangu. Nikainua macho. Kwa siku mbili nilikuwa nimekaa chini ya turubai ile bila kuiangalia. Matope yalikuwa yametoka, ikawa nyeupe tena, na mshono ulikuwa unapita juu ya vichwa vyetu, mweusi. Niliufuata kwa macho kutoka mwanzo, kama ninavyokagua kazi ya mtu anayejifunza kushona. Nailoni ilikuwa imeshika. Kiraka cha mpira, kule pembeni, kilikuwa kimeshika, hakuna hata tone. Nikafika kwenye kifundo. Kuanzia pale mshono ulikuwa wazi, mdomo wa urefu wa mkono, na nywele za pamba zilizooza zinaning'inia pande zote mbili. Nusu ya mama na nusu yetu zilikuwa zimeachana, na mvua yote ilikuwa inapita pale.

Mtu alikuwa ameshaweka beseni chini yake, kabla ya mvua. Nikamwangalia shemeji. Alikuwa ananiangalia.

Nikaondoka kwenye mkeka, nikamfuata pembeni, penye miti.

"Shemeji, wakati ulikuwa unaivua, uliivuta pale?"

"Niliivuta fasi zote, kila mahali."

"Pale?"

Akafuta uso. "Shemeji, wacha."

"Ilikuwa wazi toka kwenye maji?"

"Ilikuwa wazi," akasema kwa sauti ndogo. "Tuliitoa ikiwa vile. Niliona uzi. Nikaivua mbiombio ili mama asione, unamujua mama. Nitasema ni makoro. Kila mutu anajua alikuwa anaipiga kwa makoro. Watu wataitika, watakula, wataenda."

Najua alitaka kunilinda. Alikuwa amepoteza ndugu yake na bado alinifikiria. Nilimshukuru. Akarudi katikati, akasimama, akavua kofia, na watu wakanyamaza.

Alieleza vizuri. Alisema jinsi ndugu yake alivyoamka, alivyokunywa chai, alivyoubeba mtumbwi kichwani akiimba. Kisha akasema Jumatano ndugu yake aligonga makoro, na kwamba lile jiwe ndilo...

"Hapana," nikasema.

Mjane hasemi wakati ule. Nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Mama mkwe hakugeuka.

"Haikuwa jiwe. Nailoni iliisha, nikamalizia na uzi wa pamba. Akaniuliza kama uzi ulitosha, nikamwambia ulitosha. Alikuwa anapita juu ya maji na uzi wa vifungo, miezi miwili, na hakujua. Iko pale juu. Muangalie."

Waliinua macho wote, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka.  Mvua ilizidi. Beseni lilikuwa limejaa, likaanza kumwagika upande wa mama mkwe, na nguo yake ikalowa mpaka kiunoni, hakusogea. Nilingoja anipige, au aseme nitoke kwake. Ningetoka.

Aliangalia pale juu kwa muda mrefu. Macho yake si mazuri. Kisha akaniambia, kama alivyokuwa anamwambia mwanawe pale penye ndoo:

"Basi shona. Watu wanalowa."

"Mama, nailoni haiko."

"Ile ya bata?"

Nikaingia ndani. Vitanzi vilivyobaki vilikuwa kwenye msumari wake. Nikavifungua vitatu kwa meno, vilikuwa vimekazwa sana, nikachukua sindano ya magunia. Shemeji alileta kiti, akakishika kwa mikono miwili kwa sababu matope yalikuwa yanateleza. Nikapanda. Maji yalikuwa yananiingia kwenye mikono ya nguo mpaka kwapani. Nikang'oa pamba yote, nikaukunja ukingo mara mbili, nikaanzia kwenye kifundo.